Video Isiyokwama Kwanza, Picha Kali Baadaye

Video ya 1080p (yaani yenye mistari 1080 ya pikseli, vile vidoti vya picha) na fremu 30 kwa sekunde, ikisafirishwa bila kubanwa, ingehitaji karibu gigabiti 1.5 kila sekunde. Ile inayofika kwenye skrini yako kwa kawaida imetumia megabiti 5 hivi, pengine pungufu. Tofauti hiyo ni kazi ya kodeki, yaani kanuni za kubana na kufungua picha. H.264 ya mwaka 2003 bado inaeleweka na karibu kila kifaa. HEVC ya 2013 hutoa picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya biti, na AV1 ya 2018 imesogea mbele zaidi. Ila kodeki mpya hudai hesabu nyingi, na simu isiyo na chipu ya kuifungua hupata moto na kumaliza chaji upesi. Ndiyo maana watoa huduma hulazimika kuhifadhi filamu moja kwa kodeki zaidi ya moja.

Wengi hudhani seva ndiyo inayoamua video ije na ubora gani. Sivyo. Hasa tangu Apple ilipoleta HLS, mbinu ya kusafirisha video kwa vipande, mwaka 2009, na kiwango cha kimataifa cha MPEG-DASH chenye kazi hiyohiyo kikafuata mwaka 2012, uamuzi huo hufanywa na kifaa cha mtazamaji. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, kwa kawaida 2 hadi 10, na kila kipande hutengenezwa kwa madaraja kadhaa ya ubora. Kicheza video husoma orodha ya madaraja, kisha huagiza kipande kimoja baada ya kingine: hiki kizito, kile chepesi, kulingana na hali ya mtandao.

Kicheza video huijuaje hali hiyo? Kwa vitu viwili: kasi iliyoleta vipande vilivyotangulia, na akiba ya vipande ambavyo vimeshapakuliwa lakini bado havijaonyeshwa. Akiba hii ni kama tangi la maji. Mfereji ukikatika kwa muda, bomba la ndani linaendelea kutoa. Tangi likikauka, video inakwama.

Kutegemea kasi peke yake kuna mtego. Chukulia watu wawili wanaotazama filamu tofauti kwenye laini moja ya intaneti. Kicheza video cha kwanza kikijaza akiba yake hutulia kidogo, hakiagizi kitu. Katika mwanya huo, cha pili kinaikuta laini nzima iko wazi, kinapima kasi, kinaona ni mara mbili ya ilivyozoeleka, kinapanda daraja. Cha kwanza kikirudi kuagiza, vyote vinabanana na kasi inaporomoka. Wote wawili wanaona picha ikichanua na kufifia, ikichanua na kufifia, ilhali laini yenyewe haijapungua hata kidogo. Hapo kuongeza kasi ya intaneti mara nyingi huhamishia tu kuyumba huko kwenye madaraja ya juu zaidi, basi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Netflix walionyesha mwaka 2014 kwamba kicheza video kinachotazama zaidi kiasi cha akiba kuliko makadirio ya kasi hupunguza kukwama kwa asilimia 10 hadi 20, huku wastani wa ubora ukibaki karibu uleule. Na kukwama ndiko kunakowaudhi watazamaji. Uchunguzi wa watafiti Krishnan na Sitaraman wa mwaka 2012, uliopitia utazamaji wa video mara milioni 23, ulikuta kuwa watu huanza kuondoka video ikichelewa kuanza zaidi ya sekunde 2, na kila sekunde inayoongezeka inafukuza asilimia 5.8 zaidi. Aliyekwamishwa kwa muda sawa na asilimia 1 tu ya urefu wa video alitazama sehemu ndogo zaidi, pungufu kwa asilimia 5.

Kwa hiyo mimi naona biti za mwisho, zile za kutoka picha nzuri kwenda nzuri sana, ndizo za kukatwa kwanza mtandao unapoelemewa. Video ya 1080p ina pikseli mara tano ya 480p, lakini kwenye skrini ya simu jicho huambulia sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Tena si kila video ina njaa sawa. Katuni yenye rangi tambarare hutosheka na biti chache. Mechi ya mpira, yenye nyasi na umati unaochezacheza, hula nyingi. Netflix ilianza mwaka 2015 kupanga madaraja kwa kila filamu peke yake, badala ya kipimo kimoja kwa zote.

Machi 2020, watu walipojifungia majumbani, Kamishna wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, aliziomba kampuni za video zipunguze mzigo. YouTube ilifanya ubora wa kawaida kuwa chaguo la mwanzo. Netflix iliahidi kupunguza trafiki kwa asilimia 25 kwa siku 30, ikaondoa mikondo mizito zaidi, yaani matoleo yenye biti nyingi zaidi, ndani ya kila kiwango cha pikseli (kama 480p au 1080p) badala ya kuondoa kiwango chenyewe. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya busara zaidi.

Akiba kubwa nayo ina gharama. Mtazamaji akifunga video katikati, vyote vilivyopakuliwa mbele vimepotea bure, na aliyelipia data ni yeye. Madaraja yakiwa mengi mno, seva zilizo karibu na watazamaji hushindwa kuyahifadhi yote, na vipande huanza kuagizwa kutoka mbali.

Matangazo ya moja kwa moja ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna cha kupakua mapema. Akiba ikiwa ndogo, video hukwama upesi. Ikiwa kubwa, jirani anashangilia goli ambalo wewe hujaliona.

Upande wako, kwenye simu weka kikomo cha ubora. Megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25 kwa saa, megabiti 1.5 ni megabaiti 675. Kwenye televisheni kubwa, acha mpangilio wa kujiendesha ufanye kazi yake, maana ukilazimisha daraja la juu unakinyima kicheza video nafasi ya kushuka kabla akiba haijaisha.