Tanuri la kuni la nje linauawa na maji

Januari ya mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja kaskazini ya Lewiston, hapa Maine, Marekani. Ni familia ya Kitanzania iliyonunua nyumba ya shamba ikakuta tanuri la kuni limesimama uani. Mwenye nyumba alinipokea kabla sijashuka garini. "Fundi, hili dude linakula kuni mpaka naogopa. Nimelijaza saa nane za usiku, saa kumi na moja alfajiri watoto wanalalamika baridi."

Sikuwa nimegusa hata mlango wa tanuri, lakini jibu lilikuwa wazi mbele yetu. Theluji ilifika magotini ua mzima, isipokuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye tanuri hadi ukuta wa nyumba, upana wake kama hatua moja. Pale nyasi zilionekana, tena za kijani, katikati ya Januari. Paka wao alikuwa amejilaza juu yake.

Kwa asiyelijua, tanuri la nje ni kibanda cha bati kinachosimama mbali kidogo na nyumba. Ndani yake mna chumba cha moto cha chuma kilichozungukwa na tangi la maji, lita mia nne hivi kwa dogo, zaidi ya elfu moja kwa kubwa. Moto unapasha maji hadi nyuzi 180 za Fahrenheit, yaani kama 82 za Selsiasi. Pampu inayasukuma kupitia bomba lililozikwa ardhini, yanaingia nyumbani, yanaacha joto lake kwenye radieta, vyuma vinavyopasha vyumba, kisha yanarudi kupashwa upya. Tangi liko wazi kwa hewa, halina shinikizo. Moshi, majivu na takataka za magome vinabaki nje. Mahali ambapo usiku wa baridi unaweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na nyumba nyingi bado zinapashwa kwa mafuta ya kununua, mtu mwenye msitu wake mwenyewe ana kila sababu ya kulipenda.

Nimeyahudumia matanuri haya miaka kumi na mmoja sasa. Wateja karibu wote huniuliza juu ya moto. Mimi naanza na maji: yaliyojificha ndani ya kuni, yaliyomo tangini, na yale yaliyoingia kwenye mtaro wa bomba bila mtu kujua. Hayo ya mtaroni ndiyo yaliyokuwa yakiitesa familia ile.

Nilipima joto la bomba. Maji yalitoka kwenye tanuri yakiwa nyuzi 178 za Fahrenheit. Yalipoibuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, umbali wa mita 30 hivi, yalisoma 166. Bomba zuri kwa umbali huo hupoteza nyuzi moja au mbili. Pampu yao ilisukuma kama lita 30 kwa dakika, kwa hiyo nyuzi hizo 12 ni karibu kilowati 14 za joto zilizokuwa zinazama udongoni usiku na mchana. Joto hilo lingetosha nyumba nyingine ya jirani. Na hapo sijahesabu bomba la kurudi.

Fundi aliyelifunga tanuri hilo mwanzoni alitumia bomba la bei rahisi: mipira miwili ya plastiki iliyoviringishwa karatasi ya kung'aa yenye vipovu, kisha ikaingizwa ndani ya bomba jeusi lenye mikunjo. Dukani linapendeza, ni jepesi, mtu mmoja analibeba begani. Lakini ndani yake mna uwazi. Bomba la nje likitoboka mahali pamoja tu, au ncha zake zikiachwa bila kuzibwa, maji ya ardhini yanaingia na kuujaza uwazi wote. Kuanzia hapo unapasha mto mdogo unaopita chini ya ua. Tulipolichimbua Mei, ardhi ilipoyeyuka, nilikata kipande cha bomba lile kwa kisu na maji yakamwagika kwenye buti zangu, vuguvugu kama ya kuogea mtoto.

Tukaweka bomba ambalo povu lake gumu limemiminwa kiwandani, limeshikana na mipira ya ndani na ganda la nje bila nafasi ya maji kupita. Bei yake inauma, sitakuficha. Hata hivyo, kama una fedha ya kuchagua kitu kimoja tu kizuri katika mfumo mzima, chagua bomba. Tanuri unaweza kulibadilisha kwa siku mbili. Mtaro, ukishafukiwa na kuoteshwa nyasi, hakuna anayetaka kuufungua tena.

Sasa kuni. Chukua mzigo wa kilo 50 wa kuni mbichi. Humo ndani kunaweza kuwa na lita 20 za maji, yaani ndoo nzima ile tunayochotea kisimani nyumbani. Moto wako lazima uichemshe ndoo hiyo yote hadi iwe mvuke kabla haujafikiria kupasha nyumba. Mvuke nao unapoza chumba cha moto, gesi za kuni zinatoka bila kuungua, zinaganda kwenye kuta na bomba la moshi kama lami. Majira yangu ya kwanza hapa niliuziwa kuni nikiambiwa ni kavu, kumbe zimekatwa Agosti. Kufikia Desemba lami nyeusi ilikuwa inachuruzika chini ya mlango wa tanuri na kugandia kwenye zege, na harufu yake ilikaa kwenye koti langu mpaka majira ya joto. Nilikuwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba na kila usiku nilitoka mara mbili kuchochea. Sipendi mtu mwingine apitie hayo.

Unyevu unaotakiwa ni chini ya asilimia 20. Kipima unyevu si ghali, lakini wengi wanakitumia vibaya: wanakichomeka kwenye ncha ya gogo, ambako hukauka kwanza. Pasua gogo papo hapo, kisha chomeka pini kwenye uso mpya wa ndani. Kuni pasua mapema, zipange juu ya mbao zisiguse ardhi, funika juu tu, ubavuni acha upepo upite. Miti mingi ya hapa hutosheka na majira moja ya joto yaliyokamilika. Mwaloni unataka miaka miwili, na hausikii maombi.

Matanuri mapya hayasamehe katika hili. EPA, shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira, liliweka viwango vikali vya moshi vilivyoanza kutumika Mei 2020. Mengi ya yanayouzwa sasa yanafikia viwango hivyo kwa kuzichoma gesi za kuni mara ya pili, katika chumba chenye joto kali sana. Ukilitia tanuri la namna hiyo kuni mbichi, ule moto wa pili hauwaki. Umenunua mashine ya gharama kubwa kwa ajili ya kutengeneza moshi.

Maji ya tangini hayaonekani, ndiyo maana yanasahauliwa. Kwa kuwa tangi liko wazi, hewa inaingia na chuma kinaanza kuliwa na kutu kutoka ndani, tundu dogo dogo, hadi siku moja unakuta barafu chini ya kibanda. Kuna dawa ya kuzuia kutu inayochanganywa na maji hayo. Pima kila mwaka kwa vifaa vya kampuni iliyotengeneza dawa yako. Usichanganye dawa za kampuni mbili. Mimi huchota maji kwenye chupa ya kioo na kuyaangalia kwenye mwanga wa dirisha kwanza. Yakiwa rangi ya chai ya rangi, najua kazi imeanza. Na usizoee kuongeza maji ya bomba kila wiki. Kila ndoo mpya inaleta hewa mpya na kuzimua dawa. Kama maji yanapungua, tafuta yanakokwenda.

Upande wa moto nao una unyevu wake. Maji yanayorudi kutoka nyumbani yakiwa chini ya nyuzi 140 za Fahrenheit, sawa na 60 za Selsiasi, ukuta wa chumba cha moto unatoa jasho kama chupa ya maji baridi ukiiweka mezani Dar es Salaam. Jasho hilo lina tindikali, na chuma kinaliwa kutoka upande wa pili. Valvu ndogo inayochanganya maji ya moto na yanayorudi inalizuia. Muulize fundi wako kama umewekewa.

Kufungua mlango: zima feni inayopulizia moto hewa, ufungue kidogo tu, usubiri, simama pembeni, ndipo ufungue wote. Gesi zilizokusanyika zinaweza kuwaka usoni mwako ghafla. Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke juu ya zege mbali na nyumba. Makaa hai hukaa humo siku kadhaa yakionekana yamekufa. Umeme ukikatika, pampu inasimama, kwa hiyo uwe na jenereta kabla ya Novemba.

Moto ukizimwa majira ya kuchipua, usiliache tanuri na majivu yake. Majivu yanavuta unyevu wa kiangazi na kugeuka uji mkali unaokula chuma. Kwangua lami yote siku hiyo hiyo ukuta ungali vuguvugu, toa majivu hadi kwenye pembe, funika bomba la moshi mvua isiingie. Maji yenye dawa yaache tangini, limejaa mpaka juu.