Eti Changamwe hakuna cha kuona? Uongo tunaoambiana kuhusu Mombasa ya makontena

Binamu yangu wa Nakuru alishuka treni pale Miritini, akaingia matatu, akalala usingizi mpaka Mwembe Tayari mjini kati, halafu jioni ananiambia "bado sijaiona Mombasa". Nikamwambia dada, umeipita yote ukiwa umefumba macho. Manake ukija na ndege unashukia upande wa Port Reitz, ukija na SGR ni Miritini, ukija na basi ni ile barabara ya malori, yani njia zote za kutoka bara zinakupitisha kwa magodauni na matangi ya mafuta kabla hujaona hata mnazi mmoja wa kupigia picha. Na wageni wengi hapo wanafunga dirisha wanangoja iishe. Mimi nimezaliwa Magongo, huku huku Changamwe, upande wa Mombasa ulio bara, sasa nisikilizeni.

Uongo wa kwanza, eti Mombasa ni beach. Haya, Diani iko kaunti ya Kwale. Nyali na Bamburi ziko bara ng'ambo ya daraja. Kisiwa chenyewe ukikizunguka utakuta mawe, ngome, gati na maji yanayopiga ukuta, mchanga wa kulalia hamna wa maana. Mji huu umekua mji wa meli tangu zamani, na hata jina la bandari yetu, Kilindini, ni kilindi tu, yani maji marefu, ndo maana meli kubwa zinaingia mpaka ndani kabisa.

Eti upande wa bandari hauna historia, historia yote iko Fort Jesus. Fort Jesus sawa, Wareno walianza kuijenga 1593, nendeni. Lakini waulizeni wenyeji wenyewe wa Mvita: kuna Tisa Taifa na kuna Thelatha Taifa, yani makundi tisa na matatu ya Waswahili wa Mombasa, na hao Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Umeona? Jina unalolisikia makanga akipiga kelele stejini ni jina la watu, lilikuwepo kabla ya kontena la kwanza. Nenda pia ukauone Mnara wa Mbaraki, mnara wa mawe ya matumbawe, mrefu, umesimama pembeni ya msikiti huku umezungukwa na magodauni. Watu bado wanaenda na ubani na marashi ya waridi kuomba dua pale. Mara ya mwisho nilipoenda kulikua na lori linarudi nyuma linalia tii tii tii, turnboi anapiga mabati kwa kiganja, na huyu mama amekaa kimya chini ya mnara na chupa yake ya marashi wala hageuki.

Zile pembe kubwa juu ya barabara pale Moi Avenue si pembe za ndovu. Ni alumini. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa ufalme wa Uingereza. Basi, tuendelee.

Eti vinyago ukitaka nunua hotelini au ufuoni, na vikiwa vyeusi basi ni mpingo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watu wakilia. Kule Changamwe, barabara ya kwenda Port Reitz, kuna ushirika wa wachongaji Wakamba, vibanda vimepangana chini ya miti, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, na ukiingia unasikia tezo tu, ko, ko, ko, kila kibanda na mwendo wake. Mmoja anachonga twiga tu maisha yake yote, jirani yake anachonga masikio ya ndovu, wa tatu kazi yake ni msasa. Binamu alishika kifaru cheusi tii akasema huu ni mpingo, yule mzee akacheka, akakigeuza, akakwaruza chini kwa ncha ya kisu, ndani kweupe! "Hii ni kiwi ya viatu mama, sisi hatukudanganyi lakini wale wa huko mbele watakwambia mpingo." Akatupa na ya kweli tuishike, ni nzito kama chuma, na akasema mpingo ukiutia majini unazama, halafu pembeni mara nyingi unaona mstari wa rangi ya maziwa ya mgando, hio ni nyama ya nje ya mti na haimaanishi ni feki, bali kinyume chake. Siku hizi wengi wanachonga mwarobaini na mwembe, miti inayomea haraka, na kazi ni ileile nzuri. Bei ongea, lakini usiongee kama unagombana.

Sasa hii ndo inanikera zaidi: watu wa Pwani wavivu. Wee. Njoo Changamwe saa kumi na mbili asubuhi uone wanawake wa viwanda vya nguo wanavyotembea mbio mbio na vikapu, uone foleni ya vibarua getini, uone hamali na mkokoteni wa magunia anapanda kilima huku anaimba watu wampishe. Meli haijui Ijumaa wala Idi, ikifunga gati inashushwa usiku mchana. Na kama ni historia ya wafanyikazi Kenya hii, sehemu kubwa iliandikwa hapa: Januari 1947 watu wa bandari na reli na mahoteli na hata wapishi wa majumbani waliweka chini vyombo, mji ukasimama siku 12, kila siku wanakutana kiwanja kimoja wakakibatiza Kiwanja cha Maskini, na chama chao kikapata kiongozi kijana, Chege Kibachia, ambaye mwaka huohuo serikali ya mkoloni ikamkamata ikampeleka mbali huko Baringo. Huo ndo uvivu wetu. Sielewi kwanini mtu analipa pesa kuona ngome ya Mreno na hajui mgomo huo ulifanyika mtaa gani.

Eti Changamwe yote inanuka. Kibarani kwenye jaa la taka zamani ilinuka kweli, siwezi kudanganya, tulikua tunaziba pua tukikaribia Makupa, pale pa kuvukia kuingia kisiwani, lakini lile jaa lilifungwa na pale palipokua na tuta la udongo lililozuia maji sasa kuna daraja tangu 2022, maji yanapita chini. Nimeona watu wazima bado wanaziba pua kwa mazoea, wakati huo huo wakipita Shimanzi kwa magodauni ya majani ya chai hawaisikii ile harufu tamu. Maanake chai ya Kenya, na ya Uganda na Rwanda na kwingineko, mnada wake uko hapa hapa Mombasa, ulianza Nairobi 1956 ukahamia huku 1969. Hatuna shamba hata moja la chai na bado chai inauzwa kwetu.

Na kiwanda kikishaharibu mahali basi pameisha? Nendeni Bamburi. Simiti ilianza kutengenezwa pale 1954, wakachimba matumbawe mpaka yakabaki mashimo meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo ya simiti, akajaribu aina 26 za miti, zikapona tatu, mmoja wao mvinje. Shida majani ya mvinje hayaozi, yanajaa tu chini, ndo wakaletwa jongoo, wale wakubwa wa miguu mekundu ambao wageni wanawaita treni ya Mombasa, wakala yale majani wakatoa udongo. Jongoo! Leo ni msitu, kuna twiga na viboko. Sisi utotoni tulikua tunawaogopa.

Kuhusu usalama sitakupaka mafuta. Simu usiitoe dirishani matatu ikiwa kwenye jam, na usiku usizurure mtaa usiojua mtu. Ila mimi kwa maoni yangu kinachoua upande huu ni malori, barabara nyengine hazina pa kutembea, kwa hivo vuka na watu, usivuke peke yako. Na picha, uliza kwanza. Binamu alipiga picha geti la godauni moja kwa sababu rangi ilikua nzuri, mlinzi akatuweka nusu saa juani mpaka ikafutwa. Mitaa ya mabanda nayo si maonyesho, kama hukualikwa pita tu.

Njaa isikutishe. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi kibandani, mia moja unashiba unabakisha. Mchana joto ni kali, pumzika kama sisi.

Jioni shuka Likoni. Wageni wanadhani feri ni ya kulipia au ni adhabu, wakati wa miguu ni bure na hakuna njia bora ya kuiona bandari: mlango wa chuma unakwaruza simiti, kundi zima linatoka kwa pamoja, ndoo za samaki, baiskeli, mtoto wa shule amelala begani mwa mamake, na wakati mwingine meli ndefu kama mtaa inapita mbele yenu na feri inaingoja. Ukifika ng'ambo nunua muhogo wa kukaanga, waambie wasikuzidishie pilipili, halafu panda feri ileile urudi.