Barua za walimu kwa vyuo vya Marekani: mnayoambiana na ilivyo kweli

Wadogo zangu wa fomu siksi na nyie mliomaliza juzi mnaoaplai Marekani, haya mnayopeana kwenye magrupu ya wasap kuhusu barua za mapendekezo mengine yatawaponza.

"Tafuta mtu mkubwa akuandikie." Watu wanahangaika na mbunge, mkuu wa wilaya, sijui mjomba mwenye cheo, wakati vyuo vinavyotaka barua vingi vinamtaka mtu aliyekufundisha darasani, MIT wao wanapendekeza kabisa mwalimu mmoja wa hesabu au sayansi na mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Mheshimiwa ataandika nini zaidi ya kwamba anaifahamu familia yenu? Mwalimu wa fizikia uliyebishana naye kuhusu jibu la kitabu mpaka kengele ikalia, huyo ndo ana cha kusema.

"Basi nimuombe aliyenipa A." Si lazima. Kama A yako ulikuwa unaipata kimya kimya kule nyuma, mwalimu atabaki na mtiifu, ana nidhamu, anajituma, maneno ambayo nusu ya shule wanayo kwenye cheti cha tabia. Somo ulilotoka nalo D ukafika B linaweza kukutolea barua tamu zaidi.

"Iandike mwenyewe, ticha atasaini na kugonga muhuri." Hili tumelizoea tusidanganyane, na walimu wenyewe ndo wanasema hivyo, mtu ana mikondo minne na madaftari yamejaa mpaka dirishani, unamlaumuje? Lakini kwenye Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuaplai vyuo vingi kwa pamoja, hakuna bahasha ya kubeba, unaweka jina na imeili ya mwalimu, anatumiwa linki, anajaza na kuaplodi mwenyewe. Ukiandika wewe huo ni udanganyifu, chuo kikigundua kinaweza kukufutia hata nafasi uliyokwisha kupewa, na barua inayoongea kwa sauti ileile ya esei yako inajitangaza yenyewe. Kinachoruhusiwa ni kumpa karatasi moja ya kumkumbushia: jaribio mlilofanya maabara, mada iliyokutesa, unataka kusoma nini, mwisho lini. Kiingereza chake kisiwatishe, mfano mmoja wa kweli kwa sentensi rahisi unatosha.

Kile kiboksi cha FERPA nacho, cha kuachia haki ya kuiona barua, mnaogopa kutiki mkidhani mnauza haki zenu. FERPA ni sheria ya Marekani ya 1974 ya mwanafunzi kuona rekodi zake, na hata usipoiachia haki hiyo, barua hutaiona mpaka ujiunge na chuo hichohicho, tena kama bado wameitunza. Wengi wanaiachia ili mwalimu awe huru na chuo kiiamini barua.

"Shule yetu haina kaunsela, nimekwisha." Hujaisha, mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anaweza kukaa nafasi hiyo ya mshauri wa wanafunzi na kutuma matokeo yako.

Ila muda jamani! Dedilaini za mapema nyingi ni Novemba 1, za kawaida ni mwanzoni mwa Januari, na wewe Mei umemaliza mtihani, pengine ukaenda JKT, huku mwalimu kahamishwa. Ukisubiri Disemba shule zimefungwa, yuko kijijini na mtandao wa kupanda mlimani. Muombeni kabla hamjaondoka shule.

Halafu sio kila chuo kinataka hizi barua. University of California kwa kawaida hawaziombi wakati wa kuaplai, kama unaenda huko tu mwache mwalimu asahihishe mitihani yake.