Leza Haichori Chipu: Dhana Potofu Kuhusu Mwanga wa Plazma ya Bati

Mafundi simu wa Ngamiani hapa Tanga wanajua kwamba chipu za kisasa huchorwa kwa mwanga, na wanafunzi wa fizikia wameshatazama video zake. Habari imefika, ila imefika imepinda. Inaniuma, kwa sababu ukweli wenyewe ni mzuri kuliko uvumi.

"Chipu huchorwa kwa leza."
Sivyo, angalau kwa mashine za kisasa zaidi, zile zinazochora kwa urujuanimno wa kupindukia (EUV). Leza ya mashine hizi, ambazo ASML ya Uholanzi ndiyo kampuni pekee inayoziuza, ni ya gesi ya kaboni dioksidi. Wimbi lake lina urefu wa mikromita 10.6, yaani ni infraredi, refu mno kuchora vitu vinavyopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita). Kazi yake ni kupiga matone. Ndani ya chumba kilichoondolewa hewa hurushwa matone ya bati lililoyeyushwa, kiasi cha 50,000 kwa sekunde, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu mikromita 30. Mpigo wa kwanza, ulio dhaifu, hulitandaza tone. Wa pili, wenye nguvu, huligeuza kuwa plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Plazma hiyo ndiyo inayotoa urujuanimno wa kupindukia, wenye wimbi la nanomita 13.5, na huo ndio unaochora.

"Bati lenyewe ni hili la paa."
Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki. Linalosemwa hapa ni elementi ya bati halisi, yenye alama Sn, ambayo fundi simu anayo mezani tayari, ndani ya waya wake wa kuchomea.

"Metali yoyote ingefaa, mradi ichemke vya kutosha."
Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Kila plazma ya metali hutoa mionzi. Suala ni inaangukia wapi. Vioo vya mashine hutengenezwa kwa tabaka za molibdeni na silikoni zinazopishana, na huakisi karibu asilimia 70, tena katika ukanda mwembamba tu kandokando ya nanomita 13.5. Mwanga ulio nje ya ukanda huo ni hasara.

Bati likivuliwa elektroni kati ya 8 na 14 kwa kila atomu, elektroni zinazobaki nje hurukaruka kati ya mizingo (ngazi za nishati za elektroni) ya 4d na 4f, na kati ya 4p na 4d. Miruko inayowezekana ni maelfu, na mistari yake ya mwanga imesongamana hadi haitenganishiki. Ajabu ni hii: ioni (atomu zilizovuliwa elektroni) za chaji tofauti zote huweka msongamano huo karibu mahali pamoja, penye 13.5. Plazma inaweza kuwa mchanganyiko wa ioni mbalimbali na bado zote zikasukuma upande mmoja. Gesi ya zenoni ilijaribiwa, lakini kilele chake kiko karibu na nanomita 11. Cha metali ya gadolini kiko karibu na 6.7. Wala kuzidisha joto hakusaidii: ioni ikishapoteza elektroni 14, mzingo wa 4d unakuwa mtupu, na hazina ile ya miruko inapungua.

"Ni mionzi ileile ya jua la Raskazone."
Urujuanimno unaotuunguza ufukweni Raskazone, hapa Tanga, una wimbi la takriban nanomita 290 hadi 400. Jua hutoa pia ule wa 13.5, lakini anga la juu huumeza wote kabla haujatufikia. Hewa huumeza, glasi pia, ndiyo maana lenzi hazitumiki na kazi yote hufanywa kwa vioo. Na vioo navyo hutoza: mwanga ukiakisiwa na vioo kumi, kila kimoja kwa asilimia 70, inabaki chini ya asilimia 3.

"Plazma yenye joto kuliko uso wa jua itayeyusha mashine."
Joto lake kweli hufika nyuzi laki kadhaa, na uso wa jua una kama 5,500. Ila tone ni dogo mno na plazma hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Adui wa kioo ni bati lenyewe linaloganda juu yake. Haidrojeni hupitishwa humo ili iungane nalo, ligeuke gesi na kutolewa nje.

"Simu yenye chipu hiyo inabaki na mionzi."
Hii ndiyo inayotia watu hofu bure. Fotoni (chembe ya mwanga) ya nanomita 13.5 ina nishati ya kama elektronivolti 92, kipimo cha nishati ya chembe ndogo. Inatosha kung'oa elektroni kwenye atomu, lakini kukivuruga kiini cha atomu kunahitaji nishati ya mamilioni ya elektronivolti. Mwanga ukizimwa kiwandani, hakuna kinachoendelea kutoka kwenye chipu. Ukifungua simu yako, ogopa betri iliyovimba.