Farasi wa Paulo hayumo katika Biblia

Waumini wengi husimulia kwamba Paulo aliangushwa na farasi akiwa njiani kwenda Dameski, Kristo alipomtokea katika nuru, na wapo wanaoamini kabisa kwamba wameisoma habari hiyo katika Biblia. Haimo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinalieleza tukio hilo mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26, na hakuna farasi anayetajwa popote: Sauli (ndiye Paulo) anaanguka chini, kisha, akiwa haoni, wenzake wanamshika mkono na kumwongoza mpaka mjini.

Farasi aliletwa na wachoraji wa Ulaya tangu Zama za Kati, na aliye mashuhuri zaidi ni yule wa Caravaggio, aliyechorwa mnamo 1601 kwa ajili ya kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma. Mnyama huyo amejaza sehemu kubwa ya picha, mguu mmoja wa mbele ameuinua kana kwamba anachelea kumkanyaga bwana wake, ambaye amelala chali, macho ameyafumba, mikono ameinyoosha juu. Kristo haonekani, iko nuru tu.

Kuujua ukweli huu hakumzuii mtu kuguswa na picha hiyo. Mimi binafsi hujiona katika yule mzee aliyeshika hatamu, anayemwangalia farasi tu, ilhali nuru ile ile inamwangukia mtu aliyelala miguuni pake. Hiyo ni tafakuri yangu mbele ya mchoro, wala siihesabu kuwa ushahidi wa yaliyotukia njiani.