“Ngozi Si Ni Hapo Tu?”: Dhana Potofu Kuhusu Matembezi ya Siku Moja Milimani

Kazi yangu ni kuwaongoza watu milimani kuanzia Mbeya mjini, na wengi wao hawana gari, jambo ambalo kwangu si tatizo hata kidogo. Tatizo ni simu inayoanza kwa maneno “Ngozi si ni hapo tu?”, yaani lile ziwa lililo ndani ya kasoko, shimo la volkano, upande wa barabara ya Tukuyu, kwa sababu najua kwamba sentensi itakayofuata ni ombi la kuondoka saa nne asubuhi, baada ya chai. Juma lililopita niliipokea simu ya namna hiyo mara tatu.

Hoja yao huwa imepangwa vizuri. Matembezi yenyewe ni mepesi, magari ya Tukuyu yanatoka stendi ya Nanenane kutwa nzima, na kutoka Uyole hadi njia panda ya kuelekea ziwani si mbali, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamka alfajiri. Kila kipande cha hoja hiyo ni kweli kikisimama peke yake. Ukingo wa kasoko ya Ngozi, ambao sehemu yake ya juu kabisa inazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hupandwa na mtu mwenye afya ya kawaida kwa saa moja au moja na nusu kutoka mguuni mwa mlima, tena ndani ya msitu wenye kivuli. Kosa ni kuuhesabu mlima peke yake na kuyasahau yote yanayoutangulia na kuufuata.

Gari la abiria haliondoki kwa saa yako, bali huondoka likijaa. Utakaa dirishani ukiangalia konda akigombana na mwenye mzigo kuhusu nauli ya mfuko wa pili wa mbolea, kisha mtaondoka, kisha mtasimama Uyole kujaza kiti kimoja kilichobaki. Ukishushwa njia panda, kuna takriban kilomita 7 za barabara ya vumbi kupita kwenye mashamba ya viazi kabla ya kufika mahali ambapo njia ya kupanda inaanza. Kipande hicho ndicho ambacho mtu wa “hapo tu” hakijui, kwa kuwa aliyemsimulia alifikishwa hadi mguuni kwa gari la shemeji yake.

Kwa hiyo nawafundisha wateja wangu kuhesabu saa kuanzia mwisho, na yeyote asiyetaka kuhesabu namwomba atafute mwongozaji mwingine. Mwezi wa Juni na Julai, jua huzama Mbeya mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya msitu giza hutangulia. Mimi hutaka tuwe tumesimama barabara kuu saa kumi na nusu. Ili tufike hapo kwa wakati huo, ni lazima tuondoke ukingoni saa nane mchana, kwa kuwa kushuka hadi mguuni huchukua kama dakika 45 na zile kilomita 7 hula karibu saa moja na dakika 45. Tukitaka kukaa juu saa nzima, tule na tupumzike, tunapaswa kufika ukingoni saa saba. Kupanda kunaanza saa tano na nusu, kutembea kutoka njia panda kunaanza saa tatu na nusu, na kwa hiyo tunakutana stendi saa moja na nusu asubuhi, ili ule ugomvi wa mbolea upate muda wake. Anayekuja saa nne amesogeza kila kitu mbele kwa saa mbili na nusu, maana yake atafika barabarani saa moja usiku, gizani.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya dhana hii inapomuumiza mtu. Wengi huamini kwamba kama magari yalikuwepo asubuhi basi na jioni yatakuwepo. Yapo, lakini njia panda si stendi. Gari linalorudi Mbeya limejazwa Tukuyu au Kiwira, na wewe unategemea kiti kilichoachwa na aliyeshuka njiani. Mtu mmoja atapata mahali pa kujibana. Kundi la watu sita litapitwa na magari manne na kuanza kulaumiana. Mwaka mmoja nilikubali, kwa aibu ya kumkatalia mzee aliyekuja na wajukuu zake, tuanze saa nne na nusu. Ukingoni hatukuona ziwa kwa sababu ukungu wa mchana ulikuwa umejaza kasoko yote kama mtindi kwenye kibuyu, na jioni tuligawanyika katika magari matatu, watoto wawili wakiwa wamepakatwa na watu wasiowajua. Mzee alinishukuru kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko lawama.

Bodaboda wa njia panda huokoa zaidi ya saa moja kwa kila upande, na sina ubaya nao. Ila mpatane na safari ya kurudi kabla hajageuza pikipiki, na msitegemee kumpigia simu kutoka msituni.

Kuhusu wanaosema kwamba bila gari la kukodi hakuna pa kwenda, jibu langu ni fupi. Mlima Loleza, wenye urefu wa mita 2,656, unaanzia mjini Mbeya kwenyewe, na nauli yake ni miguu yako. Usitarajie tu kusimama kwenye ncha ya kilele, kwa sababu pale penye minara ya mawasiliano hapaingiwi ovyo. Mandhari ya jiji unayapata kabla ya hapo. Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya Mto Kiwira, nalo linafikika kwa gari la Tukuyu na kipande cha bodaboda.

Watu wa Iringa nao wana toleo lao, kwamba bila Hifadhi ya Ruaha hakuna cha kuona, na Ruaha inataka gari. Jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalosema, liko pembeni mwa mji na hupandwa kwa dakika chache. Isimila, eneo la mabaki ya kale, iko takriban kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Unashuka kwenye kibao na kutembea hadi kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na kwenye zana za mawe ambazo wataalamu walizichimbua mwaka 1957 na 1958. Ada ya kiingilio ipo, na stakabadhi ni haki yako.

“Rungwe na Ngozi tuunganishe siku moja, si ziko barabara ile ile?” Hapana. Mlima Rungwe una karibu mita 2,960 na ni kazi ya siku nzima hata kwa mwenye pumzi, na njia yake ikilowa huteleza vibaya. Si matembezi mepesi, na sitauweka kwenye orodha hiyo kwa ajili ya picha ya mtu. Ukitaka kuuona tu, panda gari la Tukuyu na ukae upande wa kushoto, ule wa mlango, nao utakuja wenyewe dirishani.

Wapo pia wanaobeba nguo za kuogelea. Kuta za kasoko ya Ngozi zina mwinuko mkali, na vijia vinavyoshuka hadi majini si vya mgeni. Tena maji yake huchanganyika na maji ya moto yatokayo chini ya ardhi, ndiyo maana wataalamu wa jotoardhi wanalifuatilia eneo hilo. Si ya kunywa. Beba maji yako kutoka mjini, lita mbili kwa kila mtu, na usiniambie kwamba kwenye baridi watu hawasikii kiu.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayowadanganya kuhusu jua. Kadiri unavyopanda, hewa inayochuja miale inapungua, hivyo ngozi huungua hata kama mwili unatetemeka, na kila mita 100 unazopanda hupunguza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mtu aliyetoka mjini na fulana akiwa anatokwa jasho atakuta upepo wa ukingoni umeligeuza jasho hilo kuwa barafu mgongoni. Kofia na sweta vinatosha. Buti za bei kubwa si lazima. Raba yenye meno inafaa, mradi si ile iliyolainika kisiginoni, ambayo ndiyo kila mtu huiteua kwa ajili ya mlima kwa sababu haioni hasara ikichafuka.