Manukuu ya video za dansi: kinachoandikwa pale ambapo hakuna anayeongea

Manukuu ni maandishi yanayotokea kwenye video ili mtu asiyesikia, au anayesikia kwa shida, apate kwa macho kile ambacho wengine wanakipata kwa masikio. Kwenye habari au mahubiri kazi hiyo inaeleweka upesi: mtu anasema, maneno yake yanaandikwa. Kwenye dansi watu hukwama. Muulize kiongozi wa kundi la dansi hapa Goma kama video zake zina manukuu, na huenda akakujibu kwamba hakuna cha kuandika, vijana wake hawaongei, wanacheza, na kiziwi ana macho kama sisi.

Macho anayo. Anaona vijana wanane wakicheza kwa mpangilio mmoja, kisha wote kwa mara moja wanainama, wanageuka na kuingia mtindo mwingine. Anayesikia anajua kilichowageuza: gitaa limeingia sebene, ile sehemu ya wimbo inayochangamka kwa gitaa na kucheza, au atalaku, mpiga miito wa bendi, ametoa mwito. Kiziwi ameona matokeo, sababu imempita. Ndiyo maana manukuu ya dansi hubeba sababu za mwendo kuliko maneno, na anayeyaandika hujiuliza kila mara: ni sauti gani imeufanya mwili ule usogee vile?

Hapo ndipo yanapoachana na tafsiri ya filamu tuliyoizoea. Mtafsiri wa filamu humchukulia mtazamaji kuwa amesikia mlango ukigongwa na simu ikilia, akamtafsiria maneno tu. Manukuu ya viziwi huandika na sauti hizo, kwa kawaida ndani ya mabano ya mraba: [ngoma moja, taratibu], [umati unashangilia], [muziki unakatika]. Maneno yanayoimbwa huwekewa alama ya noti, ♪, yasichanganywe na maneno yanayosemwa.

Tuchukue ndombolo, dansi ya kasi ya Kongo, maana ndiyo inayotoa jasho zaidi. Sehemu ya mwimbaji haina shida, inaandikwa kama wimbo wowote. Sebene ndiyo kazi. Tangu bendi ya Zaïko Langa Langa ya Kinshasa ilipomleta atalaku mbele ya bendi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye ndiye anayechochea uwanja: anaita mtindo, anawapandisha wachezaji, anawashusha. Mwandishi mvivu ataandika [kelele za atalaku] kisha anyamaze dakika tatu nzima. Miito hiyo iandikwe kama ilivyotoka, hata ile isiyotafsirika, na iandikwe kwa wakati wake. Mwito ukichelewa sekunde mbili kwenye maandishi, itaonekana kana kwamba wachezaji walitangulia na atalaku akawafuata, yaani dansi imegeuzwa kichwa chini. Miito ikiwa mingi mno kwa sekunde chache, ibaki ile inayobadilisha mtindo, marudio yaachwe. Mabanga nayo yaandikwe, yale majina yanayotupwa katikati ya wimbo. (Aliyelipia jina lake litajwe hatakasirika kuliona limeandikwa, ila herufi zake zihakikishwe kwanza.)

Halafu kuna swali la lugha. Onyesho moja la Goma linaweza kuwa na wimbo wa Kilingala, mtangazaji wa Kiswahili anayerukia Kifaransa kila sentensi ya pili, na kijana wa rap anayetupia Kiingereza. Kanuni ya kawaida ni kuandika lugha iliyosikika, na pale inapobadilika kuonyesha hivyo: [kwa Kilingala]. Lakini nani atasoma? Kiziwi aliyesoma shule nchini Kongo mara nyingi amefundishwa kusoma kwa Kifaransa, na lugha yake ya kwanza ni ya alama, si Kiswahili. Shule nyingi za viziwi katika Afrika inayotumia Kifaransa zilitokana na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani kiziwi aliyekufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwa upande mwingine, mzee aliyepoteza usikivu ukubwani, au mtu aliyeharibiwa masikio na homa ya uti wa mgongo, na dawa fulani au na mlipuko, anasoma Kiswahili chake bila taabu. Kwa hiyo mimi naona kundi lenye uwezo litengeneze faili mbili za manukuu, ya Kiswahili na ya Kifaransa. Lenye uwezo wa faili moja liwaulize viziwi wa mji wake kabla ya kuamua. Na kwa wale wasiosoma lugha yoyote kwa wepesi, mkalimani wa lugha ya alama aliyewekwa kwenye kona ya picha atafanya kile ambacho manukuu hayawezi.

Kuna dansi ambazo sauti yake inatoka mwilini mwa mchezaji mwenyewe. Mwenye njuga miguuni anapiga muziki wake akicheza, na kishindo chake ni sehemu ya onyesho sawa na ngoma iliyo pembeni: [njuga, kwa pamoja], kisha [njuga za mmoja tu]. Vijana wanaorekodi mtaani juu ya changarawe nyeusi za volkano wana sauti ya kuburuza kiatu ambayo studio haina. Ikiwa inasikika na ina kazi katika mwendo, inaandikwa. Pumzi pia, ikiwa mtunzi wa dansi ameiacha isikike makusudi. Na ukimya uandikwe. Muziki ukikatika na wachezaji wakaendelea bila chochote, kiziwi asiyeona [kimya] atadhani maandishi yameharibika, wakati pengine huo ndio moyo wa kazi yote.

Kinachokatazwa ni kumweleza mtazamaji kile anachokiona. [Anaruka juu] haina faida kwake, ameshaona. Maelezo ya mwendo ni msaada wa aina nyingine, ni sauti inayosimulia kwa ajili ya wasioona, na inarekodiwa peke yake. Vilevile jihadhari na sifa. [Muziki mzuri] haisemi kitu, na [muziki wa huzuni] inamwamulia mtu ahisi nini. Taja ala, kasi na badiliko: [gitaa la besi peke yake, linaharakisha].

Sasa kosa ambalo karibu kila video ya dansi yenye manukuu huwa nalo: maandishi yamekaa chini ya picha, juu ya miguu ya wachezaji. Kwenye mazungumzo ya watu wawili mezani hiyo ndiyo sehemu nzuri. Kwenye dansi ni kumfunika mchezaji. Dawa yake inaanza kwenye kamera, mpigapicha aache nafasi juu ya vichwa au chini ya nyayo. Video zilizopigwa simu ikiwa wima zina shida ya ziada, kwa kuwa vitufe vya programu hukaa chini na kulia na kuyala maandishi. Aina ya faili ya manukuu nayo ina neno lake, na zinazotumika sana ni mbili: WebVTT inaruhusu kuhamisha mahali pa maandishi, SRT haina njia rasmi ya kufanya hivyo. SRT lakini ndiyo rahisi, unaweza kuiandika kwa simu. Ni namba, wakati, kisha maandishi:

12
00:01:04,200 --> 00:01:06,800
[sebene inaanza, gitaa kali]

Mistari isizidi miwili, kila mmoja kama herufi 40 hivi, na yakae angalau sekunde moja. Kwenye dansi punguza maneno hata hapo, kwa sababu jicho linalosoma haliangalii mwili.

Faili kama hiyo ikipakiwa YouTube, mtazamaji anaweza kuyawasha au kuyazima manukuu. Facebook nayo inaipokea, mradi jina la faili liishie na alama ya lugha, mfano fr_FR kwa Kifaransa. Ila video inayosambaa kwa WhatsApp haibebi faili ya pembeni, na hapa kwetu video nyingi husambaa kwa njia hiyo, kwa hiyo nakala ya WhatsApp iwe na maandishi yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe.

Kwa upande wa sheria, Kongo ni sehemu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinahusu utamaduni, na nchi ina sheria yake ya Mei 2022. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya yaliyomo mtandaoni yafikiwe na watu wenye ulemavu, unaweka manukuu ya video iliyorekodiwa kwenye ngazi A, ya chini kabisa, na ya matangazo mubashara kwenye ngazi AA.

Mubashara ni mlima zaidi. Njia ziko tatu: mpigachapa wa kasi, mtu aliye chumba tulivu anayerudia maneno ili mashine iyageuze maandishi, au mashine yenyewe. Zote huchelewa sekunde kadhaa. Mashine iliyowekewa Kifaransa ikisikia Kilingala juu ya ngoma itakutungia Kifaransa cha ajabu, na sauti zisizo maneno mara nyingi itaziruka. Kundi la dansi lakini lina bahati ambayo mtangazaji wa habari hana, maana onyesho limefanyiwa mazoezi. Nyimbo zinajulikana, mahali pa kukatika muziki panajulikana. Andaa mistari yote kabla, umpe mtu mmoja anayelijua onyesho aibonyeze mmoja mmoja kwa wakati wake, kama wafanyavyo kwenye opera. Ya papo hapo yatabaki maneno ya mtangazaji na miito ambayo atalaku ameibuni siku hiyo. Picha zikishapanda mtandaoni kama rekodi, faili inasahihishwa, nyakati zinanyooshwa, na miito iliyopotea inaingizwa.